Jana Mlanguzi, Leo Mjasiriamali

 Leo nina neno moja la kuzungumza nawe, nalo ni hili tunalolisikia kila siku: mjasiriamali. Watoto wanalikuta katika vitabu vya shule, wabunge wanalitaja bungeni, benki zimelibandika ukutani. Mimi nikiwa darasa la tatu sikulisikia hata mara moja. Aliyenunua sukari mahali ilipopatikana akaiuza mahali ilipoadimika aliitwa mlanguzi. Aliyevusha vitenge au redio mpakani usiku aliitwa mtu wa magendo. Kijana aliyezunguka mitaani na beseni la karanga aliitwa mzururaji. Na ulipofika mwaka 1983 likaja jina lililotisha kuliko yote hayo, mhujumu uchumi.

Mwaka huo mama yangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Mshahara wake haukufika katikati ya mwezi, kwa hiyo alfajiri alichoma maandazi, na mdogo wake akayauza kituo cha basi. Watu wa rika langu mnakumbuka tulivyoiita kazi hiyo: mradi. Kila nyumba ilikuwa na mradi. Jirani wa kulia alifuga kuku uani, wa kushoto aliuza barafu za watoto, na mhadhiri wa chuo kikuu hakuona haya kupeleka trei za mayai mjini kwa gari lake. Maandazi yanataka sukari, na sukari ya duka la ugawaji ilikuwa kilo chache kwa kaya, tena siku ikija. Basi mama alikuwa na nusu gunia chini ya kitanda, aliyoinunua kwa bei ya kuruka kwa mtu ambaye naye hakuulizwa ameitoa wapi.

Usiku mmoja, baada ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania kutaja msako wa wahujumu uchumi, mama alizima taa. Akachota sukari ile kwa bakuli, akaikoroga na maji ndani ya ndoo, akaenda kuimwaga chooni. Akarudi, akachota tena. Nilimshikia kibatari. Asubuhi tukiwa njiani kwenda shule tuliona vipande vya sabuni vimetupwa bondeni, mche kwa mche, na mtu mzima hakuthubutu kuinama kuokota hata kimoja. Nyumbani kwetu sabuni ilikuwa haijaonekana kwa majuma mawili.

Mama hakuwa mwizi. Nalisema hili bila kigugumizi, na ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti hiki.

Tukumbushane ilivyokuwa. Nchi ilipigwa kutoka pande nyingi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ukaja ukame, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, halafu vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikakomba hazina. Viwanda vikakosa malighafi na vipuri. Juu ya hayo kulikuwa na Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973, ambayo ilipanga bei ya bidhaa moja baada ya nyingine. Nia ilikuwa njema, mnyonge asinyonywe. Lakini bei iliyoandikwa kwenye karatasi ikiwa chini kuliko gharama ya kukipata kitu chenyewe, kitu hicho hakikai rafuni. Kinatokea mlango wa nyuma. Mlango wa mbele tunabaki sisi tuliopanga foleni, na wengine wameacha jiwe lishike nafasi yao.

Hapo ndipo Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, alipoanzisha ile kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, mwezi Machi 1983. Watu wengi walimpenda Sokoine, na bado wanampenda, maana waliona kiongozi ambaye hakuogopa wakubwa wala hakujilimbikizia. Mimi mwenyewe namheshimu. Waliokuwa wakificha shehena ya chakula huku hospitali haina sabuni walistahili kuogopa. Lakini sheria iliyotungwa mwaka huo iliunda mahakama maalumu ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa wakili, na hukumu yake haikukatiwa rufaa. Haikuwa na jicho la kutofautisha ghala la mfanyabiashara mkubwa na nusu gunia la mchoma maandazi. Mwaka uliofuata serikali yenyewe iliifuta na kuweka Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1984, ambayo ilirudisha taratibu za kawaida za mahakama katika mambo mengi. Na maduka? Baada ya msako yalikuwa matupu kuliko awali. Kilichokuwa kikiuzwa kwa siri kilitupwa, na aliyekuwa akikileta alikaa kimya.

Sheria nyingine ya mwaka 1983 iliitwa Nguvu Kazi. Hiyo ilimtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Ukikutwa mjini bila kitambulisho cha kazi, ulipakiwa kwenye gari na kurudishwa kijijini ukalime. Muuza karanga hakuwa na kazi inayotambulika. Fundi viatu chini ya mwembe, naye hakuwa nayo. Wengi walipelekwa, na wengi walirudi mjini baada ya siku chache, wengine kabla ya gari lililowapeleka.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ni mwaka uleule, 1983, na ni serikali ileile.

Dar es Salaam ilikuwa na shirika moja la mabasi, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974 baada ya kampuni ya zamani ya DMT kutaifishwa na kugawanywa. Sheria ilisema UDA ndiyo peke yake yenye haki ya kubeba abiria mjini. Wakati wa sensa ya 1967 jiji lilikuwa na watu wapatao 270,000. Kufikia sensa ya 1978 mkoa mzima ulikuwa umevuka watu 840,000. Mabasi hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Yale ya Ikarus yaliyotoka Hungaria yalikuwa marefu na mazuri, lakini basi lililokosa kipuri ni banda la kuku tu. Wafanyakazi walisimama kituoni tangu saa kumi na moja alfajiri, na wengine waliishia kutembea kwa miguu.

Ndipo wakatokea wenye magari yao. Mtu ana pikapu au basi dogo, anapita kituoni, anapunguza mwendo, watu wanadandia. Kwa kuwa nauli ilikuwa senti hamsini, yakaitwa thumni. Wazee walionisimulia wanasema abiria walifundishwa kabisa cha kujibu: polisi wakisimamisha gari, kila mmoja aseme dereva ni ndugu yake na amempa lifti. Gari zima la mandugu! Hata askari alijua, maana na yeye jioni alipaswa kufika nyumbani, na pengine lililomfikisha ni hilohilo.

Fikiri kidogo juu ya mwenye gari lile. Alikuwa na barabara mbovu, petroli ya mgawo, tairi za kutafuta kwa tochi, na juu ya hayo sheria inayomwita mhalifu. Lakini alijua jambo ambalo ofisi nzima ya mipango haikulijua, yaani watu wa Buguruni wanatoka saa ngapi na wanaelekea wapi. Alilijua kwa sababu asingelijua angelala njaa. Hiyo ni elimu, na mwenye nayo hakuwa na pa kuipeleka.

Mwaka 1983 serikali ilikubali. Magari ya watu binafsi yakaruhusiwa kubeba abiria chini ya mwavuli wa UDA, kwa kibali. Nauli ikawa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Makondakta wakawa wanaita: dala, dala, dala! Unajua lilipotokea jina, basi. Yakaja yale ya chai maharage, ambayo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana, magoti yakigusana. Kwa hiyo mwezi huu muuza sabuni anatafutwa kama adui wa taifa, na katika mwaka huohuo mwenye gari la wizi wa njia anapewa kibali. Tofauti yao haikuwa tabia wala uaminifu. Serikali ilikuwa imeshindwa kuwafikisha wafanyakazi kazini na ikalikiri hilo, lakini ilikuwa bado haijawa tayari kukiri kwamba imeshindwa kuwapatia sabuni.

Ilikiri mwaka mmoja baadaye. Katika bajeti ya 1984 Watanzania waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na hawakuulizwa wamezipata wapi. Nadhani unaelewa uzito wa kutoulizwa huko. Fedha hizo, nyingi zilikuwa zimetokana na magendo ya miaka yote ile: kahawa, dhahabu, pembe, mazao yaliyovuka mipaka. Bidhaa zikaingia. Mitumba, ambayo zamani tuliivaa kwa kificho na kuiita kafa Ulaya, ikajaa masokoni. Rais Ali Hassan Mwinyi aliyeingia madarakani Novemba 1985 akapewa jina la Mzee Ruksa, na ruksa yake kwa sehemu kubwa ilikuwa kuruhusu yale ambayo watu walikwisha kuyafanya.

Mtafiti Aili Mari Tripp aliandika kitabu juu ya miaka hiyo, *Changing the Rules*, kilichotoka mwaka 1997. Alikaa na watu wa Manzese na Buguruni akaandika miradi yao, mmoja mmoja. Anachokionyesha ni kwamba sheria zilibadilika kwa sababu watu wa kawaida walizikaidi kimyakimya, kila siku, mpaka zikakosa maana. Hawakuandamana wala hawakuunda chama. Walichoma maandazi. Hata viongozi, ambao Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza kuwa na kipato cha pili, wengi walikuwa na mradi kwa jina la mke au shemeji, na mwaka 1991 kule Zanzibar chama tawala kikalegeza masharti hayo rasmi.

Jirani zetu walipita njia hiyohiyo. Nairobi, matatu zilizaliwa zikiwa haramu, na jina lao limetokana na nauli ya mapeni matatu ya senti kumi kumi. Mzee Jomo Kenyatta ndiye aliyeziruhusu mwaka 1973. Uganda ya Idi Amin ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1975 ilitolewa amri ya kuunda mahakama ya makosa ya uchumi, na adhabu ilifika kifo. Magendo yalikoma? Kahawa ya Uganda iliendelea kuvuka kwenda Kenya, na mwaka 1976 kijisoko cha mpakani kiitwacho Chepkube kikawa kama machimbo ya dhahabu. Na kule Busia, kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine, kulikuwa na vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo wakiita abiria: boda, boda! Bodaboda unayoipanda leo ilizaliwa pale, katikati ya vituo viwili vya forodha, na baadhi ya mizigo yake haikupita dirishani kwa ofisa. Tanzania ilikuja kuitungia kanuni pikipiki ya abiria mwaka 2010, wakati imekwisha kuwa usafiri wa kila kijiji.

Najua kuna msikilizaji anayetikisa kichwa: kwa hiyo mtangazaji, kila haramu ni ujasiri? La hasha. Nitakupa mfano ulioniumiza. Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, watu zaidi ya mia moja walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Aliyeitia methanoli ile alikuwa mjanja wa soko kuliko wengi. Alijua mnywaji anataka kikali kwa bei ndogo, akapunguza gharama, akauza sana. Hayo nayo ni maarifa ya biashara, na ni mauaji. Mwaka 2010 Kenya ikahalalisha chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kwa masharti ya viwango, chupa na leseni. Mama mpika pombe wa kibandani ataupata wapi mtambo wa kujazia chupa? Alibaki alipokuwa, gizani, pamoja na mtia sumu, na mnywaji hana njia ya kuwatofautisha. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga kwa pombe kama hiyo.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja, nani anaumia? Muuza dawa bandia anamuua mgonjwa. Mwenye kusafirisha meno ya tembo anaiba cha kizazi kisichozaliwa. Hao waende mahakamani. Lakini aliyeuza nyanya barabarani bila kibali amemuumiza nani, zaidi ya kuziba njia ya miguu, jambo ambalo watu wawili wenye akili wanaweza kulizungumza na kulimaliza?

Tena giza lenyewe lina gharama, na hapa ningependa tukae kidogo. Mfanyabiashara asiyetambulika hawezi kujenga. Mtaji wake lazima uwe mwepesi wa kubebwa akikimbia, kwa hiyo anauza soksi badala ya kushona soksi. Akidhulumiwa hana pa kushitaki, kwa hiyo anamwamini wa ukoo wake tu, na mgeni mwenye uwezo anaachwa nje. Sehemu ya faida inaingia mfukoni mwa mtu anayejifanya haoni. Na katika mazingira hayo anayedumu ni yule anayejuana na wakubwa. Mwenye kupika vizuri hana nafasi hapo. Ndiyo maana sipendi kabisa maneno ya wasomi wengine wanaosifu uchumi wa vichochoroni kana kwamba umaskini ni kipaji. Mama yangu angependa zaidi kununua sukari dukani, mchana, kwa bei inayojulikana, akapewa stakabadhi.

Wala kuhalalishwa si mwisho wa safari. Itazame daladala leo. Ina namba, ina rangi ya njia, ina bima. Lakini dereva na konda wake, wengi hawana mkataba. Kila siku wanampelekea tajiri mwenye gari kiasi kilichopangwa, kiitwacho hesabu, na kinachozidi ndicho chao. Kisipozidi, wamefanya kazi tangu adhana ya alfajiri mpaka saa nne usiku kwa ajili ya tairi za mtu mwingine. Dereva akiugua, nafasi yake anaishika deiwaka, yaani kibarua wa siku. Ukishangaa kwa nini gari linakimbia mbio za kufa na kuwaacha wanafunzi kituoni, jibu liko kwenye hesabu ile. Sheria ilimtoa gizani mwenye gari, ikamwacha mwenye usukani.

Kuhusu wamachinga, wachuuzi wa mitaani, mnayo habari. Ile sheria ya Nguvu Kazi iliyowapakia watu kwenye malori ilikuja kuzaa leseni ya nguvu kazi, na miaka ya 1990 mchuuzi aliibeba mfukoni kama kinga. Desemba 2018 Rais Magufuli akatoa vitambulisho vya shilingi 20,000, na mwenye nacho akaambiwa asibughudhiwe. Oktoba 2021 vibanda vikaondolewa kandokando ya barabara na wafanyabiashara wakapelekwa kwenye maeneo mapya, mengine mbali na miguu ya wateja. Sikatai kwamba mji unahitaji njia za kupita. Ninachokataa ni mtu kufanya kazi ileile, mahali palepale, kwa uaminifu uleule, na kuamka mwaka huu mzalendo, mwaka kesho mvunja sheria. Aliyekopa kwenye kikoba kwa miezi sita hawezi kupanga maisha juu ya ardhi inayoyumba hivyo.

Mwaka jana nilisimama pembeni ya barabara nikaona mgambo wakipakia meza ya mama mmoja, pamoja na ndoo ya samaki wa kukaanga. Alikuwa akiwaomba jambo moja tu, wamwandikie karatasi inayosema wamechukua nini. Hawakumwandikia. Gari likaondoka, yeye akabaki ameshika kifuniko cha ndoo.

Mtaji wa mama yule ulikuwa ndani ya ndoo ile wote. Benki ikichukua nyumba ya mtu inaandika. Mahakama ikimtoza mtu faini inatoa risiti. Kwa nini mali ya maskini ichukuliwe bila karatasi?

Kwa hiyo nina ombi, na ninalielekeza kwa diwani yeyote anayenisikiliza jioni hii, wa Temeke, wa Mwanza, wa Mbeya, popote ulipo. Katika kikao chenu kijacho peleka hoja moja: bidhaa za mchuuzi zisiguswe bila stakabadhi yenye orodha, saini na jina la aliyezichukua, na samaki, nyanya na vyote vinavyooza visichukuliwe kabisa, mwenyewe aamriwe kuhama navyo. Halafu ya pili, ukiipata nafasi: ushuru wa meza ulipwe kwa siku, kwa sababu mama yule anahesabu fedha zake kwa siku. Hoja hizi hazihitaji bajeti wala mfadhili kutoka nje. Zinahitaji mtu wa kuzisimamia. Msikilizaji, kama diwani wako hakusikia kipindi hiki, mpelekee ujumbe huu wewe.